Tangazo la kuchekesha la sekunde 30: piga chuku mpaka mwisho

Matangazo ya televisheni ya kigeni yanayochekesha huonekana mepesi, na ndiyo maana huigwa vibaya. Mtu anatazama tangazo la Marekani, anachukua makelele na mavazi ya ajabu, halafu anaacha kile kilichobeba mzigo wote: chuku imekalia sifa moja ya kweli ya bidhaa, kisha imevutwa mpaka hapana mtu anayeweza kuiamini neno kwa neno. Chuku ya nusu ni hatari. Mtazamaji hacheki, anasadiki, na akishanunua anarudi dukani kudai.

Kesi ya Pepsi inafundisha hili kuliko darasa lolote. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilionyesha kijana akitua shuleni na ndege ya kivita ya Harrier, na maandishi yakisema inapatikana kwa pointi 7,000,000, zile ambazo wanywaji walikusanya kwa kununua soda. Waandishi wa tangazo waliona namba hiyo ni kubwa kiasi kwamba ni mzaha mtupu. Tatizo ni kwamba sheria za promosheni yenyewe ziliruhusu kununua pointi kwa senti 10 kila moja. John Leonard akapiga hesabu, akatuma hundi ya takriban dola 700,000 kudai ndege yenye thamani ya dola milioni 23 hivi. Mahakama huko New York ilimkatalia mwaka 1999, ikisema mtu mwenye akili zake angejua ni utani. Hata hivyo Pepsi walikuwa wameshapandisha namba hadi 700,000,000 na kuongeza maneno ya kusema wanatania. Wanafunzi wa sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaijua kesi ya upande wa pili, ya dawa ya mafua ya Carbolic Smoke Ball huko Uingereza. Mwaka 1892 kampuni ilijitetea kwamba zawadi ya pauni 100, iliyoahidiwa kwa atakayeugua mafua baada ya kuitumia dawa hiyo, ilikuwa mbwembwe za tangazo tu. Ikashindwa, kwa sababu tangazo hilohilo lilisema pauni 1,000 zimewekwa benki kuthibitisha nia. Kwa hiyo kwenye chuku yako usiweke bei, idadi ya siku, asilimia wala zawadi. Ukiona tarakimu, ifute.

Anza na sentensi moja kavu ambayo muuzaji wa Kariakoo angeitamka bila kupepesa macho. Tuchukue jiko banifu: "Jiko hili linakula mkaa kidogo." Sifa ya pili, kwamba halichafui sufuria, iachie tangazo lingine. Kabla ya kwenda mbali, thibitisha sentensi hiyo. Pima kilo moja ya mkaa mara mbili, pika maharage ya kiasi kilekile kwenye jiko la kawaida na kwenye lako, pima mkaa uliobaki, andika. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kupotosha wateja, na karatasi hiyo ya vipimo ndiyo utakayoishika ukiulizwa.

Kisha jiulize: sifa hii ingekuwa kweli kupita kiasi, nani angeumia? Usianze na mteja anayefurahi, kila mtu ana huyo. Kwenye jiko letu anayeumia ni muuza mkaa. Mswada unaweza kwenda hivi:

Sekunde 0–6. Kibanda cha mkaa, Tandale, mchana. Muuzaji amelala juu ya magunia. Utando wa buibui umetoka kwenye kofia yake mpaka kwenye debe la kupimia. Ndani ya debe kuku anaatamia.

Sekunde 6–13. Mama mtu mzima anapita na kikapu. Muuzaji anazinduka: "Shikamoo mama! Leo hata debe moja?" Mama hasimami: "Marahaba mwanangu. Lile gunia la enzi za Mzee Ruksa halijafika hata nusu."

Sekunde 13–20. Jikoni kwa mama. Jiko lina vipande viwili vya mkaa, maharage yanatokota, jina la jiko linasomeka. Mama anatoa kipande kimoja kwa koleo, anakizima, anakirudisha kwenye gunia: "Hiki cha Idi."

Sekunde 20–26. Muuzaji amelala tena. Debe limejaa vifaranga. Kimya.

Sekunde 26–30. Jiko peke yake na jina lake. Sauti: "Halina haraka na mkaa wako."

Kituo kikiogopa kumtaja hayati Rais Ali Hassan Mwinyi hata kwa jina lake la utani, Mzee Ruksa, mama aseme "lile gunia nililopewa kwenye kitchen party yangu". Inachekesha kidogo pungufu, lakini inapita.

Sasa fanya jaribio la kuondoa: toa bidhaa kwenye hadithi uone kama kichekesho kinasimama. Kikisimama, umeandika komedi, na watu watasimulia kuku bila kukumbuka jiko. Tangazo la Snickers la mwaka 2010 linafaulu jaribio hili vizuri sana. Betty White, bibi wa miaka 88, anaangushwa kwenye tope akicheza mpira wa Kimarekani, anakula chokoleti, anageuka kuwa kijana. Bila chokoleti hakuna mgeuko. Kwenye tangazo la Old Spice la mwaka huohuo, Isaiah Mustafa anahama kutoka bafuni hadi kwenye boti hadi juu ya farasi, na katikati ya vituko hivyo chupa ya sabuni inaibuka kutoka kwenye almasi mkononi mwake. Bidhaa iko ndani ya utani. Wengi hapa mjini huibandika sekunde tatu za mwisho, kama risiti.

Mpinzani usimtaje. Wendy's mwaka 1984 walimweka Clara Peller, bibi wa miaka 81, mbele ya mkate mkubwa wenye kipande kidogo cha nyama, akauliza nyama iko wapi. Mkate ulikuwa wa duka la kubuni, na kila mtazamaji akajaza jina mwenyewe.

Upande wa utengenezaji, maneno ya kutamkwa yasizidi 55, maana Kiswahili kina maneno marefu na msomaji akikimbizwa utani unakufa. Rekodi kwa picha 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukipiga kwa 1/60 chini ya taa za tyubu picha itacheza. Utando wa buibui tengeneza kwa pamba iliyovutwa mpaka iwe nyuzi, puliza maji kidogo, weka mwanga nyuma yake, la sivyo kamera haitauona. Kuku tafuta anayeatamia kweli, mwingine hatakaa. Vifaranga vya kuazima viingize mwisho kabisa.

Waigizaji wasicheke, hata kutabasamu. Mama anasema habari ya gunia kama anayetaja bei ya nyanya. Baada ya mstari wake acha sekunde moja nzima bila muziki, na zile sauti za katuni, "boing" na kicheko cha kurekodi, ziondoe kabisa. Zinamwambia mtazamaji kwamba hata wewe huuamini utani wako. Lafudhi ya kabila la mtu nayo iache: utani wa Mzaramo na Msukuma una mipaka yake barazani, lakini televisheni haina baraza.

Kwa dawa, mikopo na maziwa ya watoto, usipige chuku hata kidogo. Hapo mtu anaweza kusadiki akaumia.

Kabla ya kupeleka kituoni, waonyeshe watu sita kwenye saluni au kijiweni, mara ya kwanza bila sauti, kwa sababu televisheni nyingi za baa huwa zimezimwa sauti. Kesho yake waulize tangazo lilikuwa la nini. Wanne wakitaja jiko, peleka. Wakitaja kuku tu, rudi sekunde ya 13, sogeza kamera karibu na jiko. Na rekodi miisho miwili siku hiyohiyo, mmoja wa vifaranga, mwingine wa muuzaji akigeuza kibanda kuwa duka la mayai. Utani unaorushwa mara nyingi kwa siku huchoka ndani ya wiki chache, na kuwarudisha waigizaji wote Tandale ni gharama mpya.