Kilinge cha mtaani: mstari wako uwe na namba

Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha. Nilianza kuchana mistari ya hip hop, yaani kurap, nikiwa kidato cha pili, na kazi yangu ya kwanza kwenye duara la emsii, yaani wachanaji, ilikuwa kushika mabegi ya wavulana. Leo duara naliendesha mimi, kila Jumamosi saa kumi jioni, na mabegi yanawekwa chini. Wengi wananiuliza wataanzaje kwao. Hivi ndivyo tunavyofanya.

Kiwanja kwanza. Tafuta mahali penye kivuli na watu wanaopita, pasiwe karibu na msikiti, kanisa wala zahanati. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hujatafuta spika. Mimi sikwenda. Jumamosi ya pili mgambo wakaja, wakabeba spika yetu, na ilikaa ofisini siku tisa. Nilipomwendea mwenyekiti na "shikamoo mzee" na karatasi yenye majina ya watu watano, mzee aliniuliza swali moja tu: mtamaliza saa ngapi? Saa kumi na mbili, nikamwambia. Hatujawahi kuzidisha.

Vifaa usivihangaikie. Spika moja ya kuchaji, simu moja yenye biti (midundo ya kuchania), basi. Spika ikizima, mtu apige biti kwa mdomo.

Duara letu tunaliita kilinge, neno ambalo Tamaduni Muzik, kundi la hip hop la Dar, walilipa heshima kwenye hip hop. Asili yake ni pale mganga anapofanyia uganga, na bibi yangu alipolisikia kwa mara ya kwanza alitaka kuniombea. Ndani ya kilinge kuna sheria tatu. Mama wa mtu hatajwi. Umbo la mtu halichanwi. Na anayefungua ni binti, kila wiki, hata kama ana mistari minne tu. Hiyo ya tatu wavulana waliipinga sana, lakini ukiacha mlango wazi bila utaratibu, wasichana watageuka kuwa watazamaji. Nimekuwa mmoja wao, najua.

Kila mtu anapewa mistari kumi na sita, kila mstari mapigo manne. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika hiyo ni kama sekunde 43, kwa hiyo watu 20 wanamaliza mzunguko ndani ya robo saa. Hakuna wa kuteka maiki.

Sasa tuje kwenye mistari yenyewe. Kijana akija na hasira, atakuja na kitu kama hiki, na dogo mmoja alikuja nacho kweli:

Viongozi ni wezi, wanakula jasho letu,
Vijana tunateseka, hakuna msaada kwetu.

Vina vimekaa, watu wakapiga kelele. Nikamwita pembeni. "Mdogo wangu, mwizi ni nani? Ameiba nini?" Kimya. Nikamwambia Jumatatu aende ofisi ya kata, aonane na afisa maendeleo ya jamii, aulize jambo moja: mikopo ya vijana inatoka wapi? Alirudi na namba. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na kikundi chao cha kuosha pikipiki kilikuwa kimeshapeleka fomu, ikapotelea huko huko. Tulikaa kwenye benchi la cherehani yangu, tukafuta "wezi", tukafuta "jasho". Kikabaki hiki:

Nne ya mama, nne yangu, mbili ya wenye ulemavu,
Kumi ya halmashauri, mbona mfuko wetu mkavu?
Tumeandika katiba, akaunti tumefungua,
Fomu iko meza ipi? Mkubwa, tunataka kujua.

Mstari wenye namba unamchosha mtu kuupinga. "Wezi" wanakanusha kwa neno moja, lakini "fomu iko meza ipi" inabidi mtu asimame akatafute fomu.

Anza na jambo dogo. Ile sherehe ya Bronx, New York, ya tarehe 11 Agosti 1973, ambayo hip hop inahesabu kama siku yake ya kuzaliwa, Cindy Campbell aliiandaa ili apate hela ya nguo za shule, na kaka yake, DJ Kool Herc, akapiga muziki.

Mwenye woga achane kama mhusika. Rapa Professor Jay alifanya hivyo mwaka 2001 kwenye wimbo wa Ndio Mzee: alijivika sauti ya mwanasiasa anayeahidi mambo ya ajabu, watu wakacheka huku wakiwatambua wanasiasa wao. Mwaka 2015 yeye mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi, na hapo sijui nani alimcheka nani.

Kurekodi ni sawa, ila omba ruhusa, na watoto usiwaoneshe sura. Ukimtaja mtu kwa jina bila ushahidi usiipandishe video. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haijali kama ulisema kwa vina.

Mwisho, toa mstari nje ya kilinge. Tulimwomba mwenyekiti dakika mbili kwenye mkutano wa mtaa, kwenye mengineyo. Dogo akachana bila biti, mkono ukimtetemeka, kofia ameivua kwa heshima ya wazee. Akina mama wakapiga vigelegele pale kwenye "nne ya mama". Mtendaji akaandika kitu kwenye daftari. Alhamisi fomu ikapatikana, imekwama kwa sababu wanakikundi wawili hawakuwa na vitambulisho vya taifa.

Jumamosi iliyofuata kilinge kizima kilichana kuhusu foleni ya vitambulisho.