Kuhama kutoka DSLR kwenda kamera isiyo na kioo: anza na bodi, lenzi zisubiri

Mpiga picha wa harusi mwenye DSLR kama Canon 5D Mark IV, lenzi tatu za EF (mfumo wa lenzi za DSLR za Canon) na flashi mbili hana sababu ya kuuza vyote kwa mkupuo mmoja ili apate kamera isiyo na kioo. Kosa hilo nimeliona kwa wenzangu wawili: waliuza lenzi kwanza, fedha ikaishia kwenye bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi), kisha wakabaki na lenzi moja msimu wa harusi ukiwa umepamba moto. Njia ninayoipendekeza hapa ni ndefu kidogo, lakini haikuachi mikono mitupu. Nimeeleza zaidi mfumo wa Canon kwa kuwa ndio ninaoutumia kila wiki, na pale Nikon inapotofautiana nimegusia.

Kwanza elewa kinachoondoka. Ndani ya DSLR kuna kioo kilicholala kwa mshazari mbele ya kihisi (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha), nacho hupeleka picha juu kwenye kitundu cha kuchungulia na kuruka pembeni kila unapobonyeza. Kioo hicho kinahitaji nafasi, ndiyo maana kwenye mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, umbali kutoka mdomo wa bodi, pale lenzi inapofungwa, hadi kihisi ni milimita 44. Mfumo wa RF wa kamera za Canon zisizo na kioo, uliokuja na EOS R mwaka 2018, una milimita 20 tu. Tofauti hiyo ya milimita 24 ndiyo inayojazwa na adapta ya EF-EOS R, ambayo katika umbo lake la kawaida ni bomba tupu lenye nyaya za mawasiliano, bila kipande chochote cha kioo ndani yake. Kwa hiyo ubora wa lenzi yako haupungui, na fokasi ya lenzi nyingi za EF hufanya kazi vizuri, mara nyingine kwa usahihi kuliko ilivyokuwa kwenye bodi ya zamani.

Mwenye Nikon awe mwangalifu zaidi. Adapta zake za FTZ na FTZ II, za kufunga lenzi za DSLR kwenye kamera zisizo na kioo, hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani za AF na AF-D, hivyo lenzi hizo zitafungika na kupiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tazama maandishi kwenye pete ya lenzi: ukiona AF-S au AF-P, fokasi ya kujiendesha itafanya kazi. Upande wa Canon, mtego uko kwenye lenzi za EF-S zilizotengenezwa kwa ajili ya kihisi kidogo. Ukiifunga moja kwenye bodi yenye kihisi kikubwa, kamera hukata picha yenyewe kwa kipimo cha 1.6, na EOS R yenye megapikseli 30 hukubakishia takribani 12.

Kabla ya kununua adapta, toa kila lenzi mkobani, ondoa vifuniko vyote viwili, fungua upenyo wake (tundu la kupitisha mwanga) na uimulike kwa tochi kutoka nyuma. Kwa sisi wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, mithili ya nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni. Lenzi ya namna hiyo haistahili kuhamishwa. Itengenezwe au iachwe.

Sasa chagua bodi. Kwa kazi ya harusi, jambo la kwanza ninaloliangalia ni idadi ya nafasi za kadi. 5D Mark IV ina mbili, lakini EOS R na EOS RP zina moja kila moja, na kwa mtu anayelipwa kupiga tukio lisilorudiwa nasema bila kusita kwamba moja haitoshi. EOS R6 ya mwaka 2020 ina nafasi mbili za SD na kihisi kinachotulizwa dhidi ya mtikisiko, jambo ambalo lenzi zako za zamani zisizo na kituliza zitanufaika nalo moja kwa moja. Megapikseli zake ni 20 tu. Kwa albamu na picha za ukutani zinatosha. Kumbuka pia kwamba kadi zako za CompactFlash hazitaingia humo, na kwamba EOS R5 hutumia kadi ya CFexpress kwenye nafasi moja, ambayo bei yake itakushangaza.

Betri ni sura nyingine. 5D Mark IV hupimwa kupiga picha 900 hivi kwa betri moja ya LP-E6N, na EOS R kwa betri ileile hupimwa 370, kwa sababu kihisi na skrini hufanya kazi muda wote hata usipobonyeza. Ukipiga mfululizo utapata zaidi ya hapo, lakini send-off inayoanza saa kumi na mbili jioni na kumalizika saa sita usiku imejaa muda wa kusubiri, na kusubiri ndiko kunakomaliza chaji. Hesabu betri tatu pale ulipokuwa ukibeba moja. Betri zako za LP-E6 zinaingia kwenye R6, ila kasi ya kupiga mfululizo hupungua kwa betri za zamani. Ukitaka kuchaji ndani ya kamera kwa powerbenki, powerbenki iwe ya mfumo wa kuchaji wa USB PD na betri iwe LP-E6N au LP-E6NH.

Hatua inayofuata ndiyo inayowaangusha wengi. Jumamosi ya kwanza baada ya kupata bodi yangu, familia ya bibi harusi ilikuwa imejipanga mbele ya pazia, bibi mzaa mama ameketi katikati na leso yake mapajani, taa za studio ziko tayari. Niliweka 1/160, f/8, ISO 100, kama nilivyofanya kwa miaka mingi, nikachungulia, nikaona giza totoro. Nilivua kifuniko cha lenzi ambacho hakikuwepo. Nilibadilisha betri. Mjomba mmoja akauliza kama kamera imeharibika. Kumbe haikuwa na kasoro yoyote: kitundu cha kuchungulia cha kamera hizi ni skrini ndogo inayokuonyesha picha itakavyotoka kwa mwanga uliopo, nayo haijui kwamba taa zako za studio zitawaka. Ingia kwenye menyu, tafuta kipengele cha kuigiza mwanga wa picha, ukizime, na skrini itakuwa angavu. Kisha ihifadhi mipangilio hiyo kwenye C1, moja ya nafasi za kuhifadhi mipangilio yako kwenye kamera, ili C2 ibaki kwa ajili ya mwanga wa asili, ambako uigizaji huo ni neema kubwa kwa sababu unaona picha iliyoungua kabla hujaipiga.

Baada ya hapo zoea shata ya kielektroniki, ambapo kihisi chenyewe hupiga picha bila pazia la kamera (shata ya kawaida) kufunguka na kufunga, lakini kwa mipaka. Haina sauti hata kidogo, na ndani ya msikiti wakati wa kufunga ndoa, au kanisani wakati wa viapo, utafurahi kutosikia ule mlio unaomfanya shekhe au padri ageuke. Ubaya wake ni kwamba katika bodi nyingi kihisi husomwa mstari kwa mstari, si kwa pamoja. Ukumbini, chini ya taa za LED za mapambo, utakuta michirizi ya giza na rangi imekatiza shela ya bibi harusi, na hakuna programu inayoisafisha vizuri. Flashi nayo, kwenye bodi nyingi, haiwaki kabisa katika hali hiyo. Kwa hiyo ukumbini rudi kwenye shata ya kawaida, washa kipengele cha kuzuia kumetameta, na pale taa zinapoendeshwa na umeme wetu wa hezi 50 jaribu 1/100 au 1/50. Taa za jukwaani zenye kumetameta kwa kasi zaidi hazitatii hesabu hiyo. Piga picha mbili tatu za majaribio kabla maharusi hawajaingia.

Kuhusu fokasi, kazi ni kusahau. Pointi 61 za 5D Mark IV zimekusanyika katikati, nasi tumezoea kufokasi usoni kisha kusogeza kamera ili kupanga picha. Acha desturi hiyo. Washa utambuzi wa macho, panga picha unavyotaka tangu mwanzo, na iache kamera imfuate mtu hata akiwa ukingoni. Urekebishaji wa fokasi wa lenzi moja moja, ule tuliokuwa tukiufanya kwa rula na meza, hauhitajiki tena, kwa kuwa fokasi hupimwa kwenye kihisi chenyewe. Ila taa nyekundu ya flashi za zamani iliyokuwa ikisaidia kufokasi gizani haisaidii bodi hizi.

Ukibadilisha lenzi, kihisi kiko wazi karibu na mdomo. Canon kuanzia EOS R zina bodi kadhaa zinazofunga shata kamera inapozimwa, hivyo zima, subiri ifunge, elekeza mdomo chini, ndipo ubadilishe.

Kwenye kompyuta, faili ghafi za picha zitakuwa za aina ya CR3 badala ya CR2, na Lightroom 6, programu ya kuhariri picha ya kununua mara moja, haizifungui. Adobe DNG Converter hutolewa bure na huzigeuza. Ijaribu nyumbani kwa picha kumi, si usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Nenda na bodi zote mbili kwenye harusi tatu au nne za mwanzo, mpya ikiwa na lenzi unayoitumia zaidi na ya zamani ikiwa begani. Siku utakayorudi nyumbani ukakuta kadi ya ile ya zamani haina picha hata moja, itangaze kuuzwa, pamoja na chaja yake lakini bila betri.