Somo: Kucheza Hokey Cokey, na ilikotoka kila hatua

Mkiwaona watu wamesimama duara, wanaingiza mkono, wanautoa, wanautikisa kisha wanajizungusha huku wakicheka, hiyo ndiyo Hokey Cokey. Hilo ni jina la Waingereza. Marekani na Kanada huitwa Hokey Pokey, na New Zealand, Hokey Tokey. Naipenda kwa sababu haihitaji fundi: mtoto wa miaka minne na babu yake huanza pamoja na kumaliza pamoja. Historia yake nitaieleza humohumo kwenye hatua, maana imo humo.

Hatua ya 1: Duara
Simameni mkitazama kati, nafasi ya mkono ulionyooshwa baina ya mtu na mwenzake. Wimbo ukisema "ndani" ni kule kati, ukisema "nje" ni nyuma ya migongo yenu. Waonyesheni watoto jambo hili kabla ya kuimba.

Hatua ya 2: Kiungo kimoja
Mkono ndani, mkono nje, ndani tena, kisha utikise kwa nguvu. Wamarekani huanza na kulia, Waingereza wengi na kushoto. Kubalianeni mapema, basi.

Hatua hii ndiyo kongwe kuliko zote. Katika karne ya 19 Robert Chambers, aliyekusanya mashairi ya kienyeji ya Uskoti, aliandika mchezo uitwao Hinkumbooby: mikono ya kulia ndani, ya kushoto nje, kisha watu wanazunguka. Mwaka 1894 Alice Gomme alitoa juzuu ya kwanza ya kazi yake kuhusu michezo ya jadi ya Uingereza, Uskoti na Ireland, na humo umo Looby Loo, ndugu wa damu wa mchezo huu. Watoto walikuwa wakiingiza na kutoa mikono yao muda mrefu kabla ya mtu yeyote kudai ameutunga.

Hatua ya 3: Kujizungusha
Wamarekani huinua mikono juu, wakachezesha vidole na kuzunguka papo hapo. Mzunguko mmoja unatosha. Watoto wakiachiwa watazunguka mpaka waanguke.

Hatua ya 4: Kukimbilia kati
Hii ni ya Waingereza. Kwenye kiitikio wote hushikana mikono, wakakimbilia kati huku wakiiinua, wakarudi nyuma, mara tatu. Halafu magoti yanakunjwa, mikono inanyooshwa, makofi yanapigwa. Mimi siiachi, kwa kuwa hapa ndipo watu wasiojuana hujikuta wameshikana mikono bila aibu. Angalieni tu: wadogo wasisimame katikati ya watu wazima wawili wenye mbio, watavutwa.

Hatua ya 5: Mwili mzima
Baada ya mkono wa kwanza huja wa pili, mguu, mguu wa pili, na kikundi kikitaka, kiwiko, nyonga au kichwa. Mwisho unaruka wewe mzima. Kwangu maana ya mchezo iko hapa. Unaanza kwa kutoa kidogo, unakirudisha, unajaribu tena, na ukija kuruka mzima huna tena woga wa kutazamwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Sasa nani hasa alitunga wimbo wenyewe?

Jibu: Marahaba. Waliodai ni wengi. Jimmy Kennedy, mtunzi mzaliwa wa Ireland, alichapisha wake mwaka 1942, na Al Tabor, kiongozi wa bendi jijini London, naye alidai ni wake. Ng'ambo ya Atlantiki, Larry LaPrise na wenzake wawili waliupiga kwa ajili ya wageni waliokuja kuteleza kwenye theluji huko Sun Valley, Idaho, wakaurekodi mwaka 1949. Robert Degen na Joe Brier wa Scranton, Pennsylvania walikuwa wametoa wao miaka ya 1940, wakaenda mahakamani. Pande mbili zikamaliza kwa makubaliano. Mwaka 1953 bendi ya Ray Anthony iliurekodi, ukasambaa Marekani yote. Maoni yangu: hawa waliupa mchezo muziki wa ukumbini, na hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Mchezo wenyewe waliukuta.

Swali: Nimeambiwa ni kejeli dhidi ya misa ya Kikatoliki. Nina wajukuu wa komunyo, nisiwafundishe?

Jibu: Wafundishe, mama. Madai hayo yanaliunganisha jina na "hocus pocus", maneno ya wafanya mazingaombwe, ambayo askofu John Tillotson katika karne ya 17 alikisia kuwa yalipotoshwa kutoka Kilatini cha misa. Mwaka 2008 mjadala uliwaka Uskoti, na familia ya Kennedy ikayakana madai hayo. Kumbuka pia kwamba "hokey-pokey" lilikuwa jina la aiskrimu iliyouzwa mitaani na wachuuzi Waitaliano huko Uingereza. Kukisia asili ya neno moja hakutoshi kuuita mchezo wa watoto tusi. Ila kama kuna mtu kwenye kundi ambaye jina hilo linamuumiza, chezeni Looby Loo. Mikono ni ileile.

Swali: Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu. Atashiriki vipi?

Jibu: Vizuri kabisa, kaka. Mguu ukitajwa, asogeze gurudumu la mbele kidogo au achague kiungo chake, na duara zima limfuate yeye. Kujizungusha kwa kiti ni rahisi akipewa nafasi pana. Kwenye kiitikio duara lisogee kwa hatua fupi, bila mbio.

Swali: Mwanangu kila mara anainua mkono usio sahihi. Nasimama mbele yake kumwonyesha lakini wapi!

Jibu: Tatizo ni hapo unaposimama, dada. Ukimkabili, kulia kwako kuko upande wa kushoto kwake, naye anaiga anachokiona. Ndani ya duara ni vivyo hivyo, wa ng'ambo wote wanaonekana kinyume. Simama ubavuni mwake, nyote wawili mkitazama upande mmoja, na mfunge utepe kwenye mkono wa kulia. Imbeni polepole siku mbili tatu kabla ya kuongeza kasi.