Kulala hemani na endingidi kando ya Nile

Ukienda kwenye tamasha la muziki la wikendi nzima huko Jinja, kiasi cha kilomita 80 kutoka Kampala, nawe umebeba endingidi, yaani zeze letu la uzi mmoja, jambo la kulinda kwanza si upinde bali ngozi iliyowambwa mdomoni mwa mzinga, yaani mwili wa chombo unaovumisha sauti. Ngozi hiyo, iwe ya kenge au ya ndama, hunywa unyevu wa mtoni usiku kucha, ikalegea, na kulipokucha chombo kikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo usikilaze sakafuni mwa hema. Kiviringishe katika khanga kavu, kisha ukining'inize kwenye nguzo, mbali na kuta zinazotiririsha umande. Kabla ya kulala legeza uzi kidogo, kwa maana ukiachwa umekaza huikandamiza ngozi iliyolegea mpaka ikabonyea.

Asubuhi kiweke juani kwa dakika chache huku ukiigonga ngozi kwa ncha ya kidole, hadi mlio mzito utakapogeuka kuwa mkali. Usikimbilie motoni: niliwahi kufanya hivyo siku moja ya mvua za Novemba, na ngozi ikapasuka ukingoni kabla sijapiga hata wimbo mmoja. Ulimbo wa kusugulia upinde ukae ndani ya kikopo chenye kifuniko, usije ukashika vumbi, na uzi wa upinde usiuguse kwa vidole vyenye mafuta ya rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, maana utateleza bila kulia.