Skuta ya mtumba: ikague ikiwa baridi
Ukienda kuangalia skuta yenye injini ya ukubwa wa cc 125 hadi 150, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini; ikiwa ya moto, subiri ipoe, kwani joto huficha ugumu wa kuwaka. Ukiiwasha, moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Kisha ondoka taratibu. Ikitetemeka, au injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka, shuku klachi, rola (vizito vidogo vinavyobadili gia zenyewe) na hasa mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma. Mkanda ukikatika skuta haisogei tena, hata injini ikiwa nzima. Uliza ulibadilishwa lini. Watengenezaji wengi hutaka ubadilishwe kati ya kilomita 10,000 na 25,000. Soma pia tarehe ya kutengenezwa kwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.