Kujiunga na kapu la mboga la msimu Marekani: kuanzia kuchagua shamba hadi kuhifadhi majani

Mashamba mengi madogo ya Marekani huuza mboga kwa utaratibu uitwao CSA: unamlipa mkulima mapema, naye anakupa kapu la mavuno kila wiki, mara nyingi kuanzia Juni hadi Oktoba. Utaratibu huu ulianza huko mwaka 1986, katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire. Unacholipia huitwa hisa, na ni hisa kweli: mvua ya mawe ikipiga nyanya, kapu lako nalo hupungua na kwa kawaida pesa hairudi. Nyanya zikifurika, unapata nyingi kwa bei ileile. Kama hilo hulikubali, heri uende soko la wakulima, ulipie unachokiona.

Hatua ya 1: Tafuta shamba kuanzia Januari

Theluji ingali nje, lakini nafasi zinajaa. Tovuti ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ina orodha ya mashamba ya CSA. Angalia kwanza kituo cha kuchukulia kapu. Kikiwa mwendo wa dakika 40 na kinafungwa saa 12 jioni, wiki ya tatu tu utachelewa, na kapu lisilochukuliwa mara nyingi hugawiwa wengine.

Muulize mkulima: Ni wiki ngapi? Mboga zote ni za shambani kwako? Nikisafiri, naweza kusogeza wiki? Nachagua mwenyewe au napokea kilichovunwa? Kisha uliza mboga zetu kwa majina ya huko. Sukuma wiki huandikwa “collards”, na ile tuliyozoea kuiita spinachi huandikwa “chard”. Ukiomba “spinach” utapewa majani madogo laini yanayonywea sufuriani hadi yabaki kiganja.

Hatua ya 2: Pima hisa kwa jiko lako

Hisa nzima inafaa nyumba ya watu wanne wanaopika kila siku. Msimu wa kwanza chukua nusu. Wengi huacha CSA kwa sababu mboga zinawaozea, wala si kwa ubaya wa mboga. Juni utapata majani kwa wingi. Nyanya, bamia na pilipili huja Julai na Agosti, na maboga hufunga msimu.

Hatua ya 3: Lipa

Gawanya bei kwa wiki: dola 600 kwa wiki 20 ni dola 30 kila kapu. Linganisha na unachotumia sasa kwa mboga. Omba kulipa kwa awamu. Wakulima wengi hukubali. Wenye SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali, waulize kama shamba linapokea EBT, kadi ya kulipia kwa msaada huo. Fedha hizo haziruhusiwi kukatwa zaidi ya siku 14 kabla ya kapu kutolewa, kwa hiyo mpango wenu uwe wa kila wiki au kila wiki mbili.

Hatua ya 4: Shughulikia kapu siku ileile

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea.

Kata majani ya karoti, bitiruti na figili, ukiacha kikonyo cha sentimita 2 hivi. Yakibaki, yanaendelea kunyonya maji ya mzizi, na karoti inalegea hadi inapindika. Majani ya bitiruti na figili pika kama mchicha.

Mboga za majani zitumbukize kwenye sinki la maji baridi, uzichezeshe, kisha uziache dakika 5 mchanga uzame. Zinyanyue kwa mikono. Ukizibua sinki zikiwa ndani, mchanga wote unazirudia. Zikaushe, zifunge kwa kitambaa safi ndani ya mfuko, ziingie friji.

Nyanya zikae nje ya friji. Viazi viwe gizani, mbali na vitunguu.

Usizoweza kumaliza, gandisha. Sukuma wiki ichemshe dakika 3, majani mengine dakika 2, kisha tumbukiza kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, kamua, gawa mafungu ya mlo mmoja. Ukiruka kuchemsha, vimeng'enya vinaendelea kufanya kazi hata ndani ya friza, na majani hupoteza rangi na ladha.

Boksi lililobeba mboga zako lirudishe wiki inayofuata. Likunjue taratibu kwa kusukuma kitako kutoka ndani. Vile vishikio vya chini vikichanika, halibebi tena.