Namna ya Kumfuata Mlembe Katika Miombo ya Tabora

Methali husema fuata nyuki ule asali, lakini mrina asali wa Sikonge au Kaliua anapoingia porini bila kujua nyuki walipo, kwanza humfuata mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu ambaye wengi humpita bila kumtambua. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumfuata ndege huyo mpaka mwisho wa safari, iwe anatafuta asali au anataka tu kumwona akiifanya kazi yake. Kazi hiyo haihitaji mbio. Inahitaji kuelewa ndege anasema nini katika kila hatua.

Anza kwa kumtambua. Mlembe ana urefu wa sentimita 20 hivi na uzito wa gramu 50 hivi. Dume aliyekomaa ana koo jeusi, doa jeupe shavuni na mdomo wa rangi ya waridi, jike amefifia zaidi, na aliyetoka kiotoni karibuni ana kifua cha manjano kiasi kwamba mgeni humdhania ndege wa aina nyingine. Hata hivyo, katikati ya majani ya miti ya miombo kama mtundu na muba rangi hizo hazikufai sana. Tafuta manyoya meupe ya kando ya mkia, ambayo humeta anaporuka, na zaidi ya yote zoeza sikio. Dume huimba wimbo wa mapigo mawili, akiurudia kutwa nzima juu ya mti uleule, pengine miaka kadhaa mfululizo, na wimbo huo ni wa kuwaita majike, haukuhusu wewe. Mwito wa kuongoza ni wa namna nyingine kabisa: ni mkwaruzo wa haraka, kama kiberiti chenye njiti kadhaa kinachotikiswa sikioni. Ukiusikia huo, simama na uitikie.

Kuitikia kuna utaratibu wake. Utafiti uliofanywa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Wayao wanapotoa mwito wao wa jadi, yaani ulimi unaotetemeshwa kisha mguno mfupi, nafasi ya kuongozwa na mlembe hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na nafasi ya kuonyeshwa nyuki hupanda kutoka asilimia 17 hadi 54, ikilinganishwa na sauti nyingine za kawaida. Utafiti wa mwaka 2023 ulikwenda mbali zaidi, kwa kuwa ulilinganisha mwito wa Wayao na mluzi wa Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, na ikaonekana kwamba ndege wa kila mahali huitikia zaidi mwito wa wenyeji wao kuliko mwito wa wageni: kwa Wahadza zaidi ya mara tatu, na Niassa karibu mara mbili. Kwa hiyo usiende Tabora na mluzi uliojifunza kwingine. Tafuta mzee mrina asali katika kijiji kilicho karibu na msitu unaokusudia kuingia, msalimu kwa heshima, umwombe akufundishe mwito wa hapo, na ikiwezekana uandamane naye. Uliza pia ofisi ya kijiji kama msitu huo unahitaji kibali, maana sehemu kubwa ya miombo ya mkoa huu ni hifadhi.

Mlembe akikubali kukuongoza, ataruka na kutoweka kwa muda, kisha atarudi. Hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa, nami nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilimpoteza ndege aliyekuwa tayari kunisaidia. Tulia palepale. Watafiti waliofuatana na Waborana kaskazini mwa Kenya, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 1989, waligundua kwamba muda anaotoweka ndege mara ya kwanza hutegemea umbali wa nyuki: akikawia, jiandae kwa mwendo mrefu. Baada ya hapo angalia mambo matatu kwa pamoja. Uelekeo anaoruka ndio uelekeo wa nyuki. Mruko kutoka kituo hadi kituo hufupika kadiri mnavyokaribia. Na tawi analotua huwa la chini zaidi na zaidi. Tembea ukiongea au kupiga mluzi, kwa sababu ukimya humfanya adhani umeacha kumfuata. Waborana hao walihitaji wastani wa karibu saa 9 kupata nyuki wakitafuta peke yao, na saa 3 na ushei wakiongozwa.

Mkifika, mlembe hatakuelekeza kwenye tundu lenyewe. Atatua karibu, sauti itabadilika na kuwa ya polepole, kisha atanyamaza. Sasa macho ni yako: kagua mashimo ya shina, nyufa, vichuguu na chini ya matawi makubwa, ukiangalia dhidi ya mwanga ili uwaone nyuki wanaoingia na kutoka. Pia kagua juu, kwani ndege huyu hatofautishi nyuki wa porini na mzinga wa gome au wa gogo ulioning'inizwa na mtu. Ukiona mzinga, umefika kwa mwenyewe, geuka uondoke. Na kama huna mavazi ya kinga, bomba la moshi na mtu mwenye uzoefu, kaa mbali na uweke alama mahali hapo, kwa maana nyuki wetu hawana mzaha.

Suala la ujira wa ndege lina mabishano. Mlembe anataka nta na majana, yaani mabuu ya nyuki, naye ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kumeng'enya nta. Mwaka 1588 mtawa Mreno João dos Santos, akiwa Sofala, aliona ndege akiingia kanisani na kudonoa mishumaa. Sehemu nyingi za Afrika huaminika kwamba asiyemlipa atapelekwa siku nyingine kwa simba au nyoka. Wayao humwekea sega juu ya majani, ilhali Wahadza mara nyingi huchoma au hufukia mabaki ili abaki na njaa na kuendelea kuongoza. Binafsi naona la Wayao ni la haki zaidi, ingawa mlembe asidhaniwe kuwa ndege mpole: jike hutaga katika viota vya wengine, kama keremkerem, na kinda lake huanguliwa likiwa na ncha kali za mdomo ambazo hulitumia kuwaua makinda ya mwenye kiota. Kwa kuwa hulelewa na ndege wengine, mlembe hawezi kuwa amefundishwa na wazazi wake kuwaongoza watu.

Ukimaliza kurina, acha masega kadhaa yenye majana ndani ili kundi lisihame, ziba tundu ulilopanua kwa gome na udongo ukibakiza mlango mdogo, na uzime mwenge kwa maji au mchanga mpaka majivu yapoe mkononi. Weka kipande cha sega juu ya majani mahali peupe, kisha ondoka. Mlembe hushuka watu wakishajitenga.